Nifungie ya Pili

Fundi Chidawali ameleta katalogi mbili
zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Anazipangusa vumbi kwa kiganja, anazitandaza
juu ya mifuko ya saruji sebuleni kwangu.
Nyumba haina milango bado. Ina madeni tu.

Oktoba ya Nzuguni, saa nane mchana.
Bati linalia ta, ta, likitanuka.
Mbuzi wa jirani wamebanana kwenye kivuli cha tangi
kama watu wenye siri moja.

"Mama Sechelela," anasema, "hii ya kwanza ni nafuu.
Mota yake ina mwendo mmoja. Ukiiwasha, imewaka:
inapuliza kwa nguvu zake zote, nyumba inapoa upesi,
halafu inajizima, pu! Joto likirudi inakurupuka tena
kama mtu aliyekanyagwa mkia."
Anacheka. "Mtu hana mkia, lakini umenielewa."

Nimemwelewa.
Nimekaa na hiyo miaka kumi na tisa
kule Area C, kwenye nyumba ya serikali.
Ilivaa suruali ya kaki, ilishika funguo za gari.
Ikiwaka, vikombe vinacheza kabatini.
Ikizimika, siku tatu hakuna anayekohoa.
Wanangu walijua kusoma nyayo za koridoni
kabla ya kusoma a, e, i, o, u.

Simwambii fundi hayo. Namuuliza bei.

"Ya pili," anasema, na anashusha sauti
kana kwamba ile ya kwanza itaona wivu,
"hii haina papara. Inaanza taratibu, inakisikiliza chumba,
inaongeza kidogo, inapunguza kidogo.
Mchana inachapa kazi, usiku inanong'ona.
Hailali, lakini haigombi.
Na vumbi hili letu
inalipitisha polepole kwenye chujio, linanasa.
Ila bei, mama, imezidi kwa laki tisa na nusu."

Laki tisa na nusu!
Ni vigae vya choo. Ni geti.
Ni ada ya Sechelela chuoni, muhula mzima.
Napiga hesabu ukutani kwa penseli ya seremala,
maana hesabu ndiyo kazi iliyonizeesha:
uniti za LUKU kwa mwezi, zidisha, toa, gawanya.
Inayokurupuka hugugumia umeme kila ikikurupuka,
inayotembea hunywa kwa kijiko.
Miaka minne, pesa yangu itakuwa imerudi.
Mitatu, kama umeme utapanda.

Chidawali anautazama ukuta, ananyamaza.
Kisha anasema jambo lisilokuwamo katalogini:
kwao Mvumi walikaa kwenye tembe,
udongo juu, udongo pembeni, kijidirisha cha ngumi moja,
na hakumbuki hata siku moja
mtu kulalamika kwamba ndani kuna joto.
"Ubaridi ulikuwepo tu," anasema.
"Huusikii ukiingia."

"Nifungie ya pili."
Geti litasubiri. Mwizi ataiba nini, madeni?

Leo ni usiku wa nne tangu nihamie.
Saa tisa nimeshtuliwa na ukimya,
moyo unadunda, masikio yanatafuta:
nani amekasirika?
Nikapanda kigoda gizani, nikanyoosha mkono
kwenye tundu la hewa juu ya mlango.

Ipo.
Hafifu, kama pumzi ya mtoto aliyeshiba.
Nikasimama pale pale, na khanga moja,
mtu mzima wa miaka hamsini,
nikiingoja inune.

Haikununa.

Kwa kina Masigati jogoo akawika, amekosea saa.
Nikashuka.